Mentos: ilitoka wapi, kwa nini inatafunika vile, na tofi ya mnanaa ya nyumbani inakosea wapi?

Bi_Tofi_Tanga

Wakuu, heshima mbele. Natengeneza pipi kwa kiwango cha jikoni, kilo moja moja, na nataka kutoa pipi ya mnanaa ya kutafuna iliyo jirani na Mentos: ganda jembamba linalopasuka kwa jino, ndani laini inayovutika bila kung'ang'ania menoni.

Fomula ya sasa ni sukari 700 g, glukosi ya maji 200 g, siagi 50 g, maji 200 g. Inapikwa hadi 130°C, na mafuta ya mnanaa yanatiwa sufuria ikiwa bado jikoni. Siku ya kwanza inatoka ngumu, siku ya tatu inamong'onyoka na harufu imekwisha. Ganda halipatikani kabisa. Nikichovya vipande kwenye shira vinabaki vinanata.

Naomba wenye ujuzi wanieleze kosa liko wapi, ganda lile huwekwa vipi, na kama kuna anayejua historia ya pipi yenyewe aiweke. Na ile habari ya kuitumbukiza kwenye soda ikaruka juu, inahusiana na ganda au ni mnanaa?

---

Kumbukumbu_za_Duka

Nianze na historia, mafundi watakuja na vipimo.

Ni pipi ya Uholanzi. Kampuni ya Van Melle ilikuwa Breskens, mji mdogo wa bandari mkoani Zeeland, na Izaak van Melle aliigeuza kazi ya familia kuwa ya pipi mwaka 1900. Mwaka 1931 ikaja Fruittella, tofi laini ya matunda. Mwaka uliofuata, 1932, ndugu wawili Michael na Pierre van Melle walipata wazo la pipi ya kutafuna yenye ladha ya mnanaa. Kampuni husimulia kwamba walikuwa kwenye treni wakielekea Poland. Hiyo miaka miwili iangalie vizuri, dada. Watu hudhani Mentos ilianzia kwenye mnanaa, kumbe ilianzia kwenye tofi. Van Melle walikwisha kujua kutengeneza tofi laini isiyonata, wakabaki kuipa ladha nyingine.

Breskens ilipigwa mabomu vibaya Septemba 1944, na baada ya vita kampuni ikahamishia uzito wake miji mikubwa. Leo kiwanda cha Mentos cha Uholanzi kiko Breda. Mwaka 2001 Perfetti wa Italia, kampuni iliyoanzishwa 1946 huko Lainate karibu na Milano na ndugu Ambrogio na Egidio Perfetti, waliinunua Van Melle, ndiyo maana pakiti zinaandikwa Perfetti Van Melle. Chupa Chups, pipi ya kijiti ya Hispania, iliingia kundi hilohilo 2006.

Umaarufu wa Marekani ulikuja miaka ya 1990 na matangazo ya televisheni ya "The Freshmaker": mtu kapatwa na balaa dogo, anatafuna kimoja, anapata akili ya kujinasua, anainua pakiti mbele ya kamera. Yalikuwa ya ajabuajabu, na nadhani ajabu hiyo ndiyo iliyoyauza. Bendi ya Foo Fighters iliyafanyia mzaha kwenye video yake mwaka 1996, na kwa muda mashabiki wakawa wanawarushia pipi jukwaani.

---

Fundi_Shira

Bi Tofi, makosa yako ni manne na yote yako kwenye hiyo aya yako ya pili.

Kwanza uwiano. Sukari 700 kwa glukosi 200 ni tofi inayosubiri kuganda fuwele. Glukosi ya maji kazi yake ni kuzuia chembe za sukari zisipangane. Ikiwa kidogo, sukari inajikusanya yenyewe taratibu, siku ya tatu umepata kitu kinachovunjika kama chaki. Pipi za kutafuna huwa karibu nusu kwa nusu.

Pili joto. 130°C inabakiza maji kidogo mno. Utafunaji unataka unyevu wa asilimia 6 hadi 8 au zaidi kidogo, na hiyo iko kwenye 120 hadi 124°C, si zaidi.

Tatu, hujaivuta. Kuvuta kunaingiza vipovu vidogo vya hewa, na vipovu hivyo ndivyo vinavyofanya jino liingie na litoke. Tofi isiyovutwa ni nzito na ina rangi ya kioo. Iliyovutwa ni nyeupe na nyepesi.

Nne, mafuta ya mnanaa. Yanaruka na mvuke. Ukiyatia jikoni unanukisha nyumba, si pipi.

Jaribu hii, inatoa karibu kilo moja:

Sukari 430 g, glukosi ya maji 450 g, maji 140 g, chumvi 2 g, mafuta magumu ya mgando 60 g, lesithini (inayounganisha mafuta na maji) 2 g, jelatini 8 g iliyolowekwa kwenye maji baridi 24 g, sukari laini ya unga 40 g, mafuta ya mnanaa 1 g. Hayo ya mwisho yapime kwa mzani unaosoma sehemu ya kumi ya gramu. Matone hayaaminiki, kila kichupa kina tundu lake. Ukizidisha 1.5 g ulimi unaanza kuwaka na uchungu unabaki kooni.

Weka sukari, glukosi, maji na chumvi kwenye sufuria nzito, moto wa kati, koroga mpaka usisikie hata chembe chini ya mwiko. Baada ya hapo acha kukoroga. Pangusa kingo za sufuria kwa brashi iliyolowa maji, maana chembe moja iliyokauka ukingoni ikidondoka ndani inaweza kugandisha sufuria nzima. Ikifika 110°C tia mafuta ya mgando uliyokwisha kuyayeyusha na lesithini. Sasa unaweza kukoroga polepole ili yasielee. Zima ikifika 122°C.

Iache ishuke hadi 95°C ndipo utie jelatini. Ukiitia kwenye 120 inapoteza nguvu. Mimina kwenye meza ya marumaru au sinia la chuma lililopakwa mafuta, kunja kingo kuelekea katikati kadiri zinavyopoa. Kwenye 70°C nyunyiza sukari ya unga na ukande iingie yote. Hiyo inashangaza wengi, kwamba tunakwepa fuwele halafu tunazitia kwa mkono. Ni kwamba tofi isiyo na fuwele hata kidogo inanata menoni na inajilaza yenyewe ikikaa, ukikata duara kesho unakuta chapati. Ukipanda fuwele ndogo nyingi, zinakuwa ndogo zote, ulimi hauzihisi, na pipi inakatika safi jinoni. Sukari ya unga iwe laini kwelikweli. Ukisaga mwenyewe kwa blenda, ichunge kwa kitambaa, la sivyo utatafuna mchanga.

Kwenye 60°C tia mafuta ya mnanaa, kunja haraka. Kwenye 50°C anza kuvuta: nyoosha kamba, ikunje mara mbili, nyoosha tena, dakika 5 hadi 8. Ikianza kukatika badala ya kunyooka imepoa mno. Iweke mahali pa joto dogo kisha endelea. Usiongeze maji.

Halafu siagi. Siagi ina maji na ladha yake inapigana na mnanaa. Na usiifidie kwa mafuta ya nazi ya kawaida: yanayeyuka karibu 25°C, kwa hiyo hapo Tanga ni maji karibu mwaka mzima na yatavuja nje ya pipi. Lebo za viwandani zinaandika mafuta ya nazi yaliyogandishwa, yaani yaliyofanywa magumu kiwandani, kwa sababu hiyo.

---

Wambui_Keki_NRB

Fundi, asante. Swali la haraka kutoka Nairobi: hiyo 122 ni ya kila mahali? Na ndimu ya unga inaweza kuingia ili ladha iwe kali?

---

Fundi_Shira

Si ya kila mahali. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Chemsha maji matupu, soma kipimajoto. Kwa Nairobi utaona kama 94°C badala ya 100. Tofauti hiyo, digrii 6, iondoe kwenye kila kipimo cha kupikia: 122 inakuwa 116. Ukipika hadi 122 Nairobi umeshatoa maji mengi kupita kiasi, na ndipo mtu analaumu glukosi bure. Zoezi hilo linakukagulia na kipimajoto chenyewe. Joto la baada ya kuzima (95, 70, 60, 50) halibadiliki, kwa sababu pale hupimi maji bali ulaini.

Ndimu ya unga usiipike kamwe na sukari. Asidi kwenye moto inaivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, na fruktosi inavuta unyevu wa hewa. Kwa pipi ya matunda itie mwishoni pamoja na ladha. Kwa mnanaa haina kazi.

---

Pani_na_Nta

Sasa ganda, ambalo kwangu mimi ndilo Mentos yenyewe. Tofi ya mnanaa wako wengi wanaitengeneza. Raha ya hii ni sekunde moja ile: kikavu kinapasuka, halafu jino linazama. Ganda likiwa nene inakuwa pipi ngumu yenye kitu ndani, likiwa jembamba mno linalainika kwa unyevu wa tofi kabla halijafika dukani.

Halipatikani kwa kuchovya. Kuchovya kunaweka shira nyingi kwa mpigo, maji yake yanaingia kwenye tofi badala ya kwenda hewani, na unabaki na kitu kinachonata milele. Ganda hujengwa kwa tabaka, kila tabaka mikroni 10 hadi 15 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndani ya chombo cha duara kilichoinama kinachozunguka mara 20 hadi 30 kwa dakika. Karai la chuma cha pua lililofungwa kwenye mota ya polepole linatosha kwa kilo moja.

Kabla ya lolote angalia umbo. Mentos imevimba pande zote mbili kwa sababu ya karai. Nyuso mbili bapa zikikutana zikiwa zimelowa zinashikana mapacha, na hazitengani tena. Kata kamba ya tofi, kisha viringisha kila kipande kiganjani kiwe kama kidonge kilichovimba, cha gramu 2 hivi. Vipumzishe siku nzima mahali pakavu. Tofi changa inajikunja ndani ya karai.

Kisha funga uso. Loweka 40 g za gundi ya mgunga (lebo huiandika E414) kwenye maji 60 g usiku kucha, chuja. Kwa kilo ya vipande mimina kama 15 ml karai likizunguka, subiri vyote vilowe, nyunyiza sukari ya unga mpaka viache kushikana. Rudia mara moja, acha vikauke usiku. Tabaka hili ndilo ukuta kati ya unyevu wa ndani na ganda la nje. Likirukwa, mafuta na maji ya tofi yatatokeza madoa ya kijivu ndani ya wiki.

Shira: sukari 670 g kwa maji 330 g, yeyusha, acha ipoe. Hapo ni karibu na mwisho wa sukari ambayo maji yanaweza kubeba kwenye 25°C, kwa hiyo maji kidogo tu yakiondoka, sukari inakaa. Tia 10 ml kwa kilo, acha visambaze vyenyewe dakika moja au mbili, ndipo upulize feni. Vikitoa sauti kavu ya kokoto na vumbi jembamba linaanza kuonekana, vimekauka, tia nyingine. Tabaka 30 zinatoa karibu nusu milimita na kuongeza kama robo kilo ya uzito. Hesabu saa tatu hivi, usiharakishe.

Hewa iwe kavu, si ya moto. Hapa watu wengi wa pwani wanaangukia. Hewa ya moto inailainisha tofi, inavimba, kisha ikipoa inasinyaa na ganda linapasuka kama udongo wa kiangazi. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 nayo haikaushi kitu. Chumba chenye kiyoyozi, 22 hadi 25°C na unyevu chini ya asilimia 50, hakina mbadala. Kama hakipo, ningeuza tofi iliyofungwa kwenye karatasi bila ganda, na hakuna aibu ndani yake.

Vikwaruzi juu ya ganda maana yake umepuliza feni kabla shira haijasambaa. Tabaka nne tano za mwisho zitengenezee shira nyepesi, sukari 600 kwa maji 400, na feni izimwe kabisa, zinaziba vishimo. Siku ya pili ng'arisha kwa gramu moja ya nta kwa kilo, iliyopakwa kwenye kitambaa ndani ya karai. Viwandani hutumia nta ya karnauba, ya majani ya mtende wa Brazili, kwa kuwa ni ngumu na haiyeyuki mfukoni. Nta ya nyuki peke yake inafanya kazi ila inabaki na utelezi.

---

Kemia254

Nijibu la soda. Ni ganda, na mnanaa hauhusiki hata kidogo. Wala si asidi kukutana na magadi: ukipima uchachu wa soda kabla na baada, haubadiliki.

Soda ni maji yaliyobanwa gesi ya kaboni dioksidi kuliko yanavyoweza kushika chupa ikifunguliwa. Gesi haitoki yote mara moja kwa sababu kipovu kipya kinahitaji mahali pa kuanzia. Uso wa Mentos kwa jicho ni laini, ila kwenye hadubini ni vishimo na vilima vilivyoachwa na zile tabaka za sukari alizoeleza Pani_na_Nta, na kila kishimo ni mahali pa kuanzia kipovu. Tonya Coffey na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Appalachian State huko Marekani walipima mambo haya na kuyachapisha 2008 kwenye jarida la American Journal of Physics. Pamoja na ukwaruzi waliona mambo mengine yanachangia. Pipi ni nzito, inazama haraka hadi chini, hivyo vipovu vinakua vikipanda chupa nzima. Ukiisaga, nguvu inapungua ingawa uso umeongezeka, kwa kuwa vipande vidogo vinazama polepole. Gundi ya mgunga ya kwenye ganda inapunguza mvutano wa uso wa maji. Na soda isiyo na sukari inashinda ya sukari kwa sababu aspatemi (kitamu kinachotiwa badala ya sukari) na benzoeti ya potasiamu (kihifadhi) zinarahisisha kipovu kuzaliwa. Soda ya vuguvugu inaruka kuliko ya baridi.

Ukitaka kuonyesha darasani: chupa ya lita 2 ya kola isiyo na sukari, ya joto la chumba, ifunguliwe papo hapo. Panga Mentos 6 kwenye karatasi iliyoviringishwa, kadi chini yake juu ya mdomo wa chupa, vuta kadi, ondoka. Zikiingia moja moja, ya kwanza inamaliza gesi. Zikilowa mkononi kabla, ganda limeshaanza kuyeyuka na vishimo vimepotea. Fritz Grobe na Stephen Voltz, wale wa kundi la maonyesho la EepyBird kutoka jimbo la Maine, Marekani, walitumia chupa 101 na Mentos zaidi ya 500 kwenye video yao ya 2006, na hapo dunia nzima ikajua.

Hofu ya kupasuka tumbo iondoe. Ukinywa soda, gesi nyingi imeshatoka mdomoni na kooni, na pipi iliyotafunwa haina ganda tena.

Kuhusu ubaridi wa mnanaa, hakuna kinachopoa. Mentoli, kiini cha mnanaa kinacholeta ubaridi, inafungua kipokezi cha neva kinachoitwa TRPM8, kilekile kinachofunguliwa na baridi ya kweli. Kilitambuliwa 2002 na maabara mbili tofauti, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, ambao walipata Nobel ya tiba 2021 kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso. Maji baridi baada ya pipi yanahisiwa makali zaidi kwa sababu kipokezi tayari kiko wazi. Pipi ya kutafuna inaitoa mentoli kidogo kidogo kadiri jino linavyokanda, ndiyo maana Mentos haichomi kama pipi ngumu za mnanaa wa kifua.

---

Bi_Tofi_Tanga

Nimewapata vizuri wote, Mungu awabariki. La mwisho: wateja wangu wengi ni Waislamu, jelatini inanipa shida. Naweza kuiacha? Na nifungashe kwa nini ili zisinate?

---

Fundi_Shira

Jelatini ya ng'ombe yenye cheti cha halali inapatikana, ila ukitaka kuiacha, weka gundi ya mgunga 25 g badala ya jelatini 8 g. Iloweke usiku kwenye maji 35 g, itie kwenye 95°C vilevile. Pipi itatafunika muda mfupi zaidi na itashika hewa pungufu ukivuta, kwa hiyo vuta dakika 10. Agari, ile ya mwani, usijaribu: inatoa jeli inayokatika, haivutiki. Kwa Mentos za dukani soma lebo ya pakiti uliyonayo, maana fomula hutofautiana kati ya nchi na kati ya ladha.

Kufungasha: karatasi ya nta peke yake haitoshi pwani. Tofi ya namna hii hupatana na hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hivi; Tanga, Mombasa na Dar hewa mara nyingi iko 75 na kupita, kwa hiyo ikiachwa wazi itavuta maji tu. Pakiti yenye karatasi ya alumini ndani, izibwe kwa joto siku ileile ya kung'arisha. Usiziweke kwenye friji: ukizitoa, umande unatua juu ya ganda na nta haiuzuii wote. Na usizihifadhi ndoo moja na pipi za matunda, hata kama zote zimefungwa. Mnanaa unapita kwenye plastiki nyepesi, baada ya wiki mbili embe na nanasi vyote vinanukia dawa ya meno.